Jipu, muchanga na neno «bikira»



Kuna aina moja ya video yenye vijana wengi wa hapa kwetu wanaangalia usiku, wakati mega ziko bei ya chini: watu wawili ao watatu, jipu 4x4 yenye hema juu ya paa, pwani ndefu, na musitu wa mvua wenye unashuka mpaka karibu na bahari. Mimi pia naziangalia. Nimeziangalia nyingi sana, zaidi zile zenye zinapigwa mu K'gari, kisiwa cha muchanga cha Queensland, kule Australia. Mumoja wa asosiasio yetu aliniuliza: «Sasa weye agronomo, unatafuta nini mu mambo ya jipu?» Jibu langu njo hili andiko. Nataka tuzihukumu hizi video sawa vile tunahukumu kitabu ao filamu: zinafanya nini vizuri, zinaacha nini, na juu ya nini jambo hilo linatuhusu sisi wenye tuko Bukavu, Kisangani ao Lubumbashi.

Kwanza kisiwa chenyewe. K'gari iko na urefu wa kilometa 120 na kidogo, na hakuna kisiwa kingine cha muchanga duniani chenye kinaishinda kwa ukubwa. UNESCO iliiandika mu urithi wa dunia mwaka 1992. Pwani ya mashariki njo barabara kubwa: gari zinaruhusiwa kukimbia mpaka kilometa 80 kwa saa, na ndege ndogo zinatua pale pale ku muchanga. Ndani, mu musitu, njia ni za muchanga tu, nyembamba, na mwendo haupaswe kupita 30. Mutu anavuka na baki, chombo cha kuvusha gari, kutoka Inskip Point ao River Heads. Anapaswa kulipia ruhusa ya gari na ruhusa ya kulala kambi.

Video nazo, ukiangalia tano, umeangalia zote. Baki inavuka. Wanatelemka, wanapunguza upepo wa matairi, tuseme kutoka 35 mpaka 18 ao 20 PSI. Wanakimbia ku pwani, bahari upande mumoja. Wanapita pa mabaki ya Maheno, ile meli ya zamani yenye ilitupwa pale na dhoruba mwaka 1935. Gari moja inakwama, wanachimba na mikono, wanakokota, wanashangilia. Wanaogelea mu Lake McKenzie, maji meupe kama kioo. Usiku nyama inachomwa. Asubuhi droni inapanda, na sauti inasema: hapa ni pori lenye halijaguswa na mutu, musitu bikira.

Mimi sitasema kama hizi video ni za ovyo. Hapana. Ziko na mambo mazuri matatu yenye mutu wa haki lazima akubali.

La kwanza, zinafundisha. Kijana wa kwetu mwenye anaendesha gari ya projeti anaweza kujifunza pale namna tairi yenye upepo kidogo inapanuka, inakanyaga muchanga ku eneo kubwa, na haizame. Hiyo ni fizike safi, na inaelezwa na subira. La pili, zinaheshimu bahari. Mara nyingi wanakumbusha kama usiendeshe ku pwani mu saa mbili mbele ya maji kujaa na saa mbili kisha, juu bahari haina ndugu. La tatu, watu wanasaidiana. Gari ya mutu wenye hawajuane ikikwama, wanasimama. Hayo yote ni kweli na yanapendeza.

Lakini angalia vizuri nani njo mukubwa mu hizi filamu. Ni jipu. Kila kitu kinapimwa na jipu. Muchanga ni mubaya juu unakamata matairi. Mvua ni muzuri juu inagandamiza muchanga. Muti ni kivuli cha kuegesha. Musitu ni handaki yenye jipu inapita ndani dakika mbili, muziki ukipigwa, mbele ya kufika ku ziwa. Na hapa njo agronomo ndani yangu anakasirika, juu ule muchanga wenye wanausema dakika nzima kama adui njo habari kubwa kuliko zote za kisiwa, na hakuna mutu anauliza swali la kwanza lenye mwanafunzi wa pedoloji angeuliza: ule musitu unakula nini?

Tukumbuke kozi. Muchanga wa K'gari ni silika karibu tupu. Hakuna udongo wa mufinyanzi wa kushika potasiamu na kalsiamu. Maji yanapita haraka na kubeba chakula cha mimea chini. Ukinipa hekta moja ya muchanga sawa ule na kuniambia nipande mahindi bila mbolea, nitakuambia utafute mwengine. Lakini mu Pile Valley, karibu na Central Station, kuna miti ya satinay na kauri mikubwa yenye ukiisimamia chini unaumiza shingo. Musitu wa mvua murefu, juu ya matuta ya muchanga!

Namna gani? Musitu ule unajilisha wenyewe. Majani yanaanguka, uyoga mudogo wa udongoni na wadudu wanayavunja, na mizizi ya juu juu, ikisaidiwa na ule uyoga, inakamata fosforasi mbele mvua haijaipeleka chini. Chakula karibu chote kiko mu miti yenyewe na mu tabaka nyembamba ya majani yenye kuoza. Ondoa ile tabaka, choma, na kutabakia silika ya kutengenezea chupa.

Kuna zaidi. Karibu na bahari matuta ni mapya, na mimea ni mifupi. Ukienda ndani, matuta ni ya zamani, yamekusanya chakula pole pole, na hapo musitu unapanda juu. Lakini pa matuta yenye kuzeeka kabisa, mvua ya miaka maelfu kwa maelfu imeshusha fosforasi chini sana, mizizi haiifikie, na mimea inarudilia kuwa mifupi. Wanasayansi wa udongo walichunguza sana jambo hilo kule Cooloola, ku bara, ng'ambo ya baki ya Inskip. Kwa hiyo gari yenye inatoka pwani kuingia ndani inavuka historia nzima ya udongo, kuzaliwa mpaka kuzeeka, mu muda wa saa moja. Hata Lake McKenzie, yenye Wabutchulla wanaita Boorangoora, ni somo la udongo: ni maji ya mvua yenye inakaa juu, mbali na maji ya chini ya ardhi, juu mabaki ya mimea yalishikamanisha muchanga na kufanya tabaka ngumu yenye haipitishe maji. Nusu hivi ya maziwa ya aina hiyo duniani iko mu kisiwa hiki kimoja. Mu video, mambo hiyo yote ni pahali pa kuogelea.

Mutu anaweza kuniambia: «Agronomo, watu wako ku konje, usiwape kozi.» Sawa. Ningenyamaza, kama wangenyamaza pia. Lakini hawanyamaze. Wanasema «bikira», na hilo neno haliko kweli.

Njia zenye jipu inapita ndani ya musitu, sehemu kubwa, zilifunguliwa na wakata mbao. Kukata miti mu K'gari kulianza mwaka 1863 na kukaisha 1991. Karibu miaka 130! Central Station, pahali pa picha nzuri zaidi za musitu, palikuwa kituo cha wafanyakazi wa mbao. Satinay ilitafutwa sana juu wadudu wa bahari hawaipendi, na mbao zake zilisafiri mpaka mu Mfereji wa Suez. Kulikuwa tena machimbo ya muchanga wenye madini. Hayo yalisimamishwa mwaka 1976, kisha watu kama John Sinclair na wenzake kupigana miaka mingi, mpaka serikali ya shirikisho ikakataza kuuza ile mali inje. Ule uzuri wenye droni inapiga ulibakia juu watu walisimama mu tribinali na mu tume za uchunguzi. Haukubakia juu hakuna mutu aliyeufikia.

Na mbele ya wakata mbao, kuna Wabutchulla. Hao walikuwa pale miaka maelfu, wakivua samaki, wakichoma majani kwa kipimo na kwa wakati wake. Mwisho wa karne ya 19 serikali ya Queensland ilikusanya watu wa asili, Wabutchulla na wengine wa fasi zingine, mu kambi ya Bogimbah, hapo hapo ku kisiwa. Wengi walikufa. Mwaka 1904 ile misioni ilifungwa, na watu wengi wakahamishwa mpaka Yarrabah, karibu na Cairns, zaidi ya kilometa 1,000 kuelekea kaskazini. Njo vile kisiwa «kilikuwa bikira»: watu waliondolewa, kisha picha ikapigwa. Mwaka 2014 tribinali ya shirikisho ilitambua haki ya Wabutchulla juu ya ardhi yao, na mwaka 2023 jina K'gari lilirudishwa rasmi kwa kisiwa chote.

Jina la mbele, Fraser Island, linatuonyesha hizi filamu ni watoto wa nani. Mwaka 1836 meli Stirling Castle ilivunjika ku matumbawe. Eliza Fraser, bibi ya kapiteni, aliishi wiki kadhaa kati ya watu wa kisiwa mpaka alikombolewa. Aliporudi Uingereza alisimulia habari ya mateso yenye kutisha, na magazeti yakaipanua, wenyeji wakafanywa washenzi. Hadithi ya kwanza ya kisiwa yenye ilienea Ulaya ilikuwa hivyo: mugeni ni mukubwa wa hadithi, fasi ni hatari, wenyeji ni sehemu ya ile hatari. Mu video za leo, wenyeji hawaogopeshe tena. Hawako tu. Tangu 2023 wengi wanasema «K'gari», na hilo ni jambo muzuri, lakini jina likibadilika na filamu ikabakia ile ile, tumebadilisha kibao cha mulango tu.

Baba mwengine wa hizi filamu tunamujua zaidi, juu alipita kwetu. Ni Camel Trophy, ile safari ya Land Rover za rangi ya manjano yenye ililipiwa na jina la sigara. Mwaka 1983 ilifanyika Zaire, kwetu. Mwaka 1986 ilifanyika Australia. Njo ile iliwafundisha watu wa dunia namna ya kupiga picha ya gari mu matope: gari ya kupendeza, wanaume wenye jasho, magogo ya kupitishia, na nyuma yao musitu bila jina. Pahali pengine barabara ikiharibika ni msiba. Mu ile picha, barabara kuharibika njo mali yenyewe. Tafazali fikirieni vile: tope yenye inaozesha tomati za mama muuzaji kwa siku nne kati ya Shabunda na Bukavu, kwa mwenye kamera ni bahati. Simulaumu mutu wa Brisbane kwa tomati zetu. Nasema tu kama jicho la kamera lilifundishwa hivyo, na sisi tunaliiga.

Juu tunaliiga kweli. Angalia video zenye vijana wetu wanapiga siku hizi ku njia ya Walikale: muziki ule ule, droni ile ile, jipu ya kukodi inapiga matope. Mu picha, mutu mwenye mutumba wa makala ku kichwa anapita kando, na kamera inangojea apite ili «pori» libakie safi. Na neno ni lile lile, «foreti bikira».

Hapa njo moyo wa andiko langu. Kwa mutu wa konje, neno «bikira» ni pambo. Kwa sisi wenye lisansi ya agronomia, ni neno la kazi. Linaingia mu ripoti, mu projeti, mu ramani, na kisha mu maisha ya watu. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975, na Batwa wenye waliishi mu ule musitu wakafukuzwa bila ardhi nyingine ya kutosha. Hakukuwa droni wakati ule. Lakini wazo lilikuwa tayari: musitu muzuri ni musitu bila mutu. Mimi nilifanya staji mu projeti moja kando ya hifadhi; jina lake naliacha. Ku fomu yenye tulijaza kulikuwa safu ya miti, safu ya wanyama, safu ya udongo. Watu nao walikuwa mu safu moja tu yenye iliandikwa «vitisho». Mama mwenye anajua majani kumi ya dawa kwa majina, safu yake ilikuwa ile ile ya moto na mitego. Nilijaza siku kumi na mbili. Hakuna fomu ilikuwa na nafasi ya kuandika kama mutu anajua kitu.

Sasa mutu ataniuliza: je, weye unataka watu waingie na kukata kila kitu? Hapana. K'gari yenyewe inatufundisha kama jibu haliko rahisi. Mu Oktoba 2020 moto wa kambi, wenye ulikuwa haramu na haukuzimwa vizuri, ulianza kaskazini mwa kisiwa na kuendelea wiki nyingi. Uliunguza zaidi ya hekta 80,000, karibu nusu ya kisiwa. Watu wa kambi njo walileta ule moto. Na dingo, mbwa wa pori wenye Wabutchulla wanaita wongari: wageni waliwazoeza chakula, wakapoteza woga, na mwaka 2001 mutoto mumoja aliuawa, kisha dingo wengi wakauawa pia na serikali. Kwa hiyo sheria ni za lazima: ruhusa, mwendo, faini kwa mwenye kulisha dingo, uzio kuzunguka kambi. Lakini ona: zile sheria zinasema kinyume cha filamu. Zinakubali kama kisiwa kimejaa watu, na kazi ni kupanga namna ya kuishi. Filamu inatumia zile sheria zote kufika pale salama, kisha inasema hakuna mutu aliyefika.

Kwa hiyo hukumu yangu. Kama somo la kuendesha gari mu muchanga, hizi video napatia alama 16 juu ya 20, na silegeze. Kama habari ya musitu na pwani, 6, na hizo 6 ni za picha. Kosa lao haliko kupenda jipu. Kosa ni kuachia jipu ichague maswali. Filamu nzuri ya safari ile ile, na gari ile ile, inawezekana kabisa. Isimamishe injini mu Pile Valley dakika tano, ichimbe na kidole mu ile tabaka ya majani, ionyeshe muchanga mweupe chini yake. Iseme nani alifungua njia hii na kwa shoka gani. Imuulize mumoja wa Wabutchulla wenye wanafanya kazi ya ulinzi wa kisiwa leo, na imuache amalize kusema. Kukwama ku muchanga kutabakia, kuchekana kutabakia, nyama ya usiku itabakia.

Na kwa wale kati yetu wenye wanapenda kamera, pwani tuko nayo, fupi lakini ya kwetu: kilometa karibu 40 kule Muanda, na mikoko ya mudomo wa mutoni Congo yenye iko hifadhi tangu 1992. Mu ile mikoko watu wanavua samaki, wanakausha, wanasafirisha. Ao karibu na Kinshasa, Plato ya Bateke ni muchanga pia, na kule Mampu wakulima wanapanda akasia na mihogo kwa zamu ili muchanga upate nguvu. Hapo kuna filamu ya muchanga yenye mutu iko ndani. Mwenye atakwenda kwanza, apunguze upepo wa matairi sawa vile wale watu wa Queensland wanafundisha. Kisha atelemke mu gari, aanze kuuliza.